Mpira wa njano hausemi hadi ukanyage breki

Juzi dereva mmoja anayepeleka saruji Geita ameniandikia: “Shikamoo kaka. Geji yangu ya upepo inasoma vizuri, lakini nikikanyaga breki tela linanisukuma. Fundi anasema gari ni zima. Nifanyeje?”

Breki za tela zinatumia upepo unaotoka kwenye kichwa cha gari kwa mipira miwili, mwekundu na wa njano. Nilimuuliza kama aliwahi kuukagua mpira wa njano mtu akiwa amekanyaga breki. Hakuwahi, na wengi wenu hamjawahi. Mpira mwekundu unajaza tenki la tela muda wote. Ukipasuka, geji inashuka na breki za tela zinajifunga zenyewe, utajua tu. Wa njano unabeba agizo la mguu wako. Kama hujakanyaga breki hauna upepo ndani, kwa hiyo unaweza kulizunguka tela lote, usisikie kitu, ukaondoka na tundu.

Asubuhi moja pale Usagara nilikuwa na mzigo wa kwenda Rusumo. Nikasimama pasipo na mteremko, nikaweka magogo kwenye tairi, nikajaza upepo hadi kompresa ikakata, nikazima injini, nikaachia hendibreki. Utingo akakanyaga breki na kushikilia. Nikaingia chini ya tela. Karibu na ekseli ya nyuma nikasikia sssss. Mpira ulikuwa umesuguana na chesisi hadi nyuzi zinaonekana. Msimamizi wa mzigo akaanza kelele kwamba nachelewesha, gari linatembea, mpira tutabadilisha mbele ya safari. Sikuondoka. Nilibadilisha mpira, nikapima tena. Safari iliyofuata wakampa dereva mwingine, na hadi leo inaniuma, maana hakuna aliyeniuliza nilikuta nini. Lakini kwenye mteremko wa kushuka Rusumo tela lilishika kila nilipokanyaga, na mzigo ulifika.

Wenzetu Marekani wana kipimo ambacho mimi nakifuata: injini imezimwa, mguu uko kwenye breki, upepo kwenye geji usishuke zaidi ya psi 4 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) kwa dakika moja kwa kichwa na tela moja. Hiyo ni kama robo ya bar. Ukiona sindano ya geji inashuka zaidi ya hapo, tafuta panapovuja. Anza na raba za viungio nyuma ya kabini, hizo ndizo zinazochakaa haraka, kisha fuata mipira hadi kwenye chemba za breki pale kwenye magurudumu. Na mwaga maji ya matenki, la tela pia, wengi wanalisahau.

Zamani foleni ya kivuko pale Kigongo ilitupa muda wa kulizunguka tela hata kama tuliondoka Mwanza kwa pupa. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 unazivuka kwa dakika chache na kuunga moja kwa moja Sengerema. Nashukuru daraja. Ila sasa usipokagua kabla ya kuanza safari, hakuna pa kukulazimisha usimame. Wadogo zangu, msikubali mtu ambaye hatakuwa kwenye usukani awapangie dakika za kukagua breki. Mwiteni aje asikilize huo upepo mwenyewe.

Kama huna utingo, kata mti wa kutosha kutoka kiti hadi pedali, bana pedali nao, uhakikishe hautelezi, kisha shuka ukasikilize. Wangu nauweka nyuma ya kiti.