Shangazi, siku zinayoyoma

Swali: Shikamoo shangazi. Nina miaka 38, naendesha tuktuk hapa Mombasa, juzi tumemzika rafiki yangu wa utotoni na tangu hapo silali, naona siku zapita tu sijafanya la maana. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu, pole sana. Hebu piga hesabu, miaka 10 ni wiki 520 tu, na kama mamako yuko Likoni wamuona mara moja kwa mwezi, hizo ni mara 120, basi. Nyanyangu alikuwa akinifunikia mahamri kwa kawa kila Ijumaa nami nasema ntakuja kesho, mpaka siku nimefika nakuta kawa imetundikwa ukutani. Leo ukipaki tuktuk vuka feri, kwa miguu hulipi kitu, ukae na mamako hadi isha.