Zaka ya Fuliza

Barua za mwezi huu zinajibiwa na mama aliyekuwa mhazini wa kanisa moja la mtaani Eastlands, Nairobi, kwa miaka 14.

Bwana asifiwe, Mama Mhazini. Nauza blauzi za mitumba Gikomba na kuabudu Kayole, kanisa la mabati ambalo nimekuwa mshirika wake miaka tisa. Zaka sikosi. Juma lililopita robota moja la nguo lilinipa 21,500, nikatuma 2,150 kwa Paybill, nambari ya malipo ya M-Pesa ya kanisa. Jumatatu nilipoenda kuchukua robota lingine pesa hazikufika, nikafuliza, yaani nikachukua ule mkopo wa M-Pesa unaojazia pesa ikipungua. Sasa imekuwa mazoea: pesa ikiingia Fuliza inajilipa kwanza, Jumapili inafika simu ni tupu, nafuliza tena ili nisikose zaka. Mwezi uliopita mamangu alinipigia kutoka Kisii kwamba dawa za presha zimeisha. Nikamwambia angoje, maana pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya Mungu. Mzee wangu hajapata kazi ya mjengo tangu Januari, na anasema nimerogwa. Mchungaji anasema anayezuia zaka anamwibia Mungu, na kwamba hata ya kukopa inahesabiwa. Kanisa langu nalipenda. Nikipunguza nitakuwa mwizi? Matumizi yangu ya juma nimekuandikia nyuma ya karatasi.
*Mama Blauzi, Gikomba*

Bwana asifiwe tena, Mama Blauzi. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu. Tuanze na nyuma ya karatasi, maana huko ndiko ulikojibu swali lako mwenyewe.

Robota 15,000. Mkokoteni 300. Ushuru wa kanjo 50 kwa siku, siku sita, 300. Kodi ya kibanda 1,000. Nauli ya Kayole kwenda na kurudi, 900. Jumla 17,500. Umeuza 21,500, kuanzia zile kamera, nguo bora zilizogombaniwa asubuhi ya kwanza, hadi fagia, masalia uliyomwaga kwenye gunia Jumamosi jioni ukiita ishirini-ishirini. Kilichobaki mkononi ni 4,000. Fungu la kumi la 4,000 ni 400. Wewe ulituma 2,150, yaani zaidi ya nusu ya riziki ya nyumba yako, kisha Jumatatu ukashangaa robota limekushinda. Mama, ulikuwa unatoa zaka ya mtaji.

Kumbukumbu la Torati 14 inasema zaka hutoka katika maongeo ya mbegu. Najua wapo watakaoniandikia kubishana juu ya neno hilo, na waandike, lakini robota ndilo mbegu yako. Ukilipeleka madhabahuni kipande kipande, msimu ujao utapanda nini? Na hata hao wanaosema "panda mbegu" kila Jumapili hawajawahi kukwambia ukope mbegu ya jirani. Au pengine wamekwambia. Basi ifungue 2 Wakorintho 8:12 mbele yao: nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho, si kwa kadiri ya asicho nacho. Fuliza huna. Fuliza unadaiwa. Ile sadaka ikifika kwenye Paybill, mhazini anaiona kama nyingine zote. Ada ya Fuliza ya kila siku ndiyo haifiki kanisani, hiyo inalala kwako.

Habari ya mamako nitaisema kwa ufupi kwa sababu imeniuma. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu walioambia wazazi wao, "Kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani," yaani kimeshawekwa wakfu kwa Mungu. Hakuwasifu kwa moyo wa ibada. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, mtumie mama pesa ya dawa.

Sasa usije ukafunga gazeti ukidhani nimekuruhusu uache kutoa. La. Nataka utoe 400 yako na isikosekane, na nitakuambia kwa nini nataka hivyo, kwa sababu wengi wenu hamjawahi kuingia kile chumba cha nyuma.

Jumapili saa nane mchana, ibada ya pili ikiisha, tulikuwa tunakaa watu watatu kwenye meza ya plastiki. Hakuna aliyehesabu peke yake, hata kama wenzake wamechelewa kwa sababu ya mvua. Kikapu kikimwagwa unasikia kwanza sarafu. Kisha noti. Noti ya elfu huja imenyooka, mara nyingi ndani ya bahasha yenye jina. Noti ya hamsini huja imekunjwa mpaka imekuwa kama kidonge, kwa sababu mwenyewe aliishika kiganjani tangu nyumbani na hakutaka jirani aone ni hamsini. Kuzikunjua zile ndiko kulikotuchukua muda. Kuna moja ilikuwa na harufu ya samaki kila juma, mwaka mzima. Hatukuwahi kujua ni ya nani, ila siku ikikosekana tuliulizana kama kuna mama wa samaki anayeugua.

Hizo za kidonge ndizo zilinunua tokeni za stima. Ndizo zilimlipa mlinzi, mzee anayelala kwenye kanisa lenye spika mbili na vinanda vya watu. Mabati ya upande wa choo, mkate na divai ya Meza ya Bwana, nauli ya mchungaji kwenda mochari na familia isiyo na gari, sufuria la chai la mkesha. Nenda kaangalie daftari la kanisa lolote dogo la Nairobi utakuta mistari hiyohiyo. Hakuna mfadhili anayelipia tokeni. Anataka kulipia kitu kitakachobandikwa jina lake.

Machi 2020, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, nilidhani tumekwisha. Mwenye ploti hakusimamisha kodi. Kikapu kikahamia kwenye simu, na nilikuwa naketi kitandani nikisoma jumbe za M-Pesa zinavyoingia: 50, 100, 30, 50. Majina niliyoyajua. Dobi wa kufua nguo za watu, ambaye hakuna aliyekuwa anamfungulia mlango wakati huo, alituma 30 kila Jumapili mpaka Julai. Makanisa yalipofunguliwa, watu 100 tu waliruhusiwa, ibada ya saa moja, na aliyepita miaka 58 abaki nyumbani. Mimi nikiwa mmoja wa waliobaki nyumbani, nilisimama barabarani nikasikiliza wimbo ukitoka kwenye mabati ambayo 30-30 zile ziliyalipia kodi. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kanisa dogo halihitaji pesa ya mtu mdogo.

Sina maana kwamba kila kinachoingia kikapuni ni kitakatifu. Noti za zamani za elfu zilikoma kutumika tarehe 30 Septemba 2019. Jumapili iliyofuata tukakunjua tano kwenye kikapu chetu, safi, zimenyooka. Tulicheka mpaka machozi. Kila mtu anajua Malaki 3 na madirisha ya mbinguni, lakini kitabu hichohicho, sura ya kwanza, kinamwuliza anayeleta mnyama kipofu: mpelekee liwali wako uone kama atapendezwa nawe.

Kuhusu mchungaji wako, usimfanye adui. Mchungaji wa kanisa la kupanga huamka tarehe 3 na hofu ileile unayoamka nayo wewe, na hofu ikishika kipaza sauti husema mambo. Mwendee siku ya katikati ya juma ukiwa na hiyo karatasi yako. Mwonyeshe 17,500. Wachungaji wengi hawajawahi kuona hesabu ya robota.

Na ukishamaliza hapo, mwombe mhazini akuonyeshe daftari. Si matusi. Paulo alipobeba mchango wa makanisa hakubeba peke yake, na alisema wazi kwamba anajihadhari mtu asije akawalaumu kwa fedha hizo. Kanisa lililoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama linatakiwa kupeleka taarifa kwa Msajili kila mwaka, kwa hivyo kama linaweza kumwonyesha Msajili, wewe wa miaka tisa usifichwe. Nilipokuwa kijana, kabla sijawa mhazini, kanisa nililokuwamo lilichanga kwa ajili ya kiwanja miaka mitatu. Hatukukiona kiwanja wala risiti, na tulioona haya kuuliza tulikuwa wengi kuliko walioiba. Nilipopewa kile kitabu baadaye, nilibandika hesabu ya kila mwezi mlangoni kwa mkono wangu, na cha ajabu sadaka ikapanda.

Kwa sasa fanya hivi. Nunua bahasha, au tafuta kopo la Blue Band. Kila jioni ukitoka Gikomba, toa kwanza pesa ya robota na gharama, uiweke mbali. Kwenye kilichobaki, kumi lake liingie kwenye kopo palepale, lisingoje Jumapili. Hata Wakorintho waliambiwa kila mtu aweke akiba kwake kadiri alivyofanikiwa. Kinachosalia kinunue chakula, kilipe Fuliza mpaka iishe, kimfikie mama. Juma ambalo robota ni bovu na hukupata faida, kumi la sifuri ni sifuri. Njoo na mikono mitupu uketi mbele palepale unapokaa siku zote.

Na mwambie mzee wako nimemsalimu. Hukurogwa, ila kwa hesabu alikuwa na haki.

Mama, mimi ni mwalimu, Donholm. Zaka nitoe kwa mshahara kabla ya makato au baada? Wenzangu wa kikundi cha nyumbani wamegawanyika mpaka tunaogopa kukutana.
*Mwalimu wa darasa la sita*

Mwalimu, hakuna nabii aliyeona payslip. Kuna PAYE, kodi ya mshahara, kuna SHIF ya matibabu asilimia 2.75, ada ya nyumba asilimia 1.5, NSSF ya uzeeni, na ukifika chini unakuta mtu mwingine kabisa. Mimi nilitoa kwa kile kilichoingia mkononi, lakini nilijiwekea masharti mawili. NSSF ni pesa yangu inayonisubiri, kwa hivyo nilipostaafu na kuipokea, nilitoa zaka yake siku hiyo. Wanaotoa kabla ya makato wameshamaliza hilo mapema, na siwezi kuwalaumu. La pili, mkopo wa Sacco si kodi. Huo ulikununulia gari. Nimeona watu wakiondoa Sacco, chama, karo na hata king'amuzi kabla ya kupiga kumi, mwisho wanamletea Mungu kumi la nauli.

Chagua njia moja ukiwa umetulia, tarehe 15 hivi, wala si tarehe 30 ukiwa na bili mkononi. Halafu usiifungue tena hiyo kesi kila mwezi. Na kikundi kikutane, tafadhali. Pikeni chai mzungumzie jambo lingine.

Mhazini mwenzangu, salamu kutoka Dandora. Tuna harambee ya paa mwezi ujao. Mheshimiwa mmoja ametuma kijana wake kusema atakuja na "kitu kizito", ila apewe dakika kumi za kusalimia waumini. Wazee wameshaanza kupima mabati. Tufanyeje?
*Mhazini mwenye wasiwasi*

Wasiwasi wako ni mzuri, usiutibu. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango wa Rais kwa parokia ya Soweto, hapo Kayole, na ile ilikuwa pesa ya mamilioni. Kama jimbo zima liliweza kusema hapana kwa Rais, Dandora mnaweza kusema hapana kwa dakika kumi.

Pesa yenyewe si lazima mkatae. Mwambieni kijana wake kwamba Mheshimiwa anakaribishwa kama muumini yeyote, Paybill ni ileile, kipaza sauti ni cha mahubiri. Akituma, atapata risiti. Jina lake lisomwe kwa mpangilio wa alfabeti pamoja na wengine, kiasi kisitajwe, cha mtu yeyote. Ukiona kitu kizito kimekuwa chepesi ghafla baada ya ujumbe huo, hesabuni mabati mnayoweza kununua kwa pesa mliyo nayo, muanze na upande unaovuja zaidi. Kwetu tulianza na juu ya madhabahu, tukakosea. Anzeni juu ya watoto wa Sunday school, wao ndio hukaa sakafuni.