Giza lina kasi? Inategemea unapima giza lipi

Mkuu, umeuliza: kama mwanga una kasi, giza nalo lina kasi gani? Mchangiaji hapo juu kakujibu kwamba giza si kitu, kwa hiyo halina kasi, tufunge mjadala. Mimi nafundisha fizikia sekondari huku Kigoma, na swali hili wanafunzi huniuliza mara kwa mara. Ni swali zuri mno kufungwa kirahisi hivyo. Kweli giza si kitu, ni pale ambapo mwanga haujafika au umekatika. Lakini mpaka kati ya mwanga na giza unahama, na kinachohama kinapimika.

Chukua kwanza giza la mwanga kukatika. Jua likizimika sasa hivi tutaendelea kuliona kwa dakika nane na sekunde kama 20, maana mwanga uliokwisha kutoka bado uko njiani. Giza litafika nyuma ya mwale wa mwisho, kwa kasi ileile ya mwanga: karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Na jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1676 Ole Rømer, mtaalamu wa nyota kutoka Denmark aliyekuwa Paris, alishughulika na Io, mwezi wa Jupita unaoizunguka sayari hiyo kwa saa 42 na nusu hivi, na kila mzunguko hupotea ndani ya kivuli chake. Akaona kwamba dunia inapojitenga na Jupita, Io huchelewa kuibuka kuliko hesabu inavyosema. Dunia inapoikaribia, Io huwahi kupotea. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba mwanga hutumia muda kusafiri. Ushahidi wenyewe ulitoka gizani!

Giza la jioni ni habari nyingine kabisa. Hilo ni dunia inajizungusha, na mpaka wake hukimbia kutoka mashariki kwenda magharibi kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa kwenye ikweta; huku kwetu, nyuzi tano kusini, tofauti ni ndogo sana. Likitoka Tabora, Kigoma linafika baada ya dakika 12 au 13. Waislamu wa Ujiji wanalijua hili vizuri kila Ramadhani. Adhana ya magharibi ya Dar inasikika redioni, uji umeshamiminwa, tende ziko kwenye sahani, na nje jua bado linawaka juu ya milima ya Kongo. Mtoto anayefunga kwa mara ya kwanza anauliza kwa nini wa Dar wale na yeye asile. Mpe hesabu: Dar iko longitudo 39.3, Kigoma 29.6, kila nyuzi moja ni dakika nne. Anapata karibu dakika 39, na ndizo anazosubiri.

Ukitaka kuliona kwa macho, jioni isiyo na mawingu panda mahali pa wazi. Jua likishazama ng'ambo, lipe ziwa mgongo utazame upande wa Uvinza. Chini kabisa utaona ukanda wa buluu iliyofifia kama kijivu, na juu yake rangi ya waridi. Ukanda ule ni kivuli cha dunia yenyewe angani, na unapanda huku unautazama. Wengi hawauoni kwa sababu wote wanatazama machweo.

Sasa kuhusu giza kuupita mwanga: inawezekana. Chukulia una kurunzi yenye nguvu ya kufika mwezini, kilomita 384,000, umeweka kidole mbele yake, ukaigeuza robo mduara kwa sekunde moja. Kwa umbali huo kivuli cha kidole kinafagia karibu kilomita 600,000 kwa sekunde, mara mbili ya kasi ya mwanga. Kanuni ya Einstein ya 1905, kwamba hakuna kitu kinachoweza kuupita mwanga kwa kasi, haijavunjwa, kwa sababu hakuna kitu kilichotoka upande mmoja wa mwezi kwenda mwingine. Kila sehemu ya kivuli imetoka kwako, kwa kasi ya kawaida ya mwanga. Mtu aliyepitiwa na kivuli hicho mwanzo hawezi kukitumia kumpelekea neno lolote yule wa mwisho.