Mwanzi uliopondeka ni mwanzi gani?

SWALI: Mimi ni mwenyeji wa Njombe. Huku kwetu mwanzi ni ule tunaougema ulanzi, pombe yetu ya kienyeji, mgumu, hata panga linaukata kwa shida. Kanisani nasikia "mwanzi uliopondeka hatauvunja", nashindwa kuelewa mwanzi utapondekaje. Pia mwanangu darasa la tano ameandika "mwanzi umeanguka", mwalimu akasahihisha kuwa "mti wa mianzi umeanguka". Na nimesoma kwamba Wachina wa kale waliandika "vitabu vya mianzi". Hivi vyote ni mmea mmoja?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Wa Njombe na wa China ni jamii moja, ila ule wa kanisani ni mmea mwingine kabisa. Na mwanao alikuwa sahihi.

Tuanze na kanisani. Maneno hayo yamo katika Isaya 42:3, na Mathayo anayarudia katika 12:20. Kando ya Mto Yordani hakuna mianzi ya kugema. Kilichojaa pale ni matete, na tete ukilikanyaga linapondeka mara moja. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na neno lililomo ni kalamos, yaani tete. Watafsiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, wakaliita mwanzi. Mwanzi huohuo ndio askari waliomtia Yesu mkononi, kisha wakamnyang'anya na kumpiga nao kichwani. Ukiuwaza kuwa ni gogo la Njombe, kisa kinabadilika kabisa. Yule alipewa bua la mtoni, kwa dhihaka, lishike nafasi ya fimbo ya kifalme.

Hata hivyo si haki kusema watafsiri walikosea. Zamani, na hasa pwani, mwanzi lilikuwa jina la umbo kuliko jina la mmea. Chochote chembamba, kirefu, chenye uwazi ndani, kiliitwa mwanzi. Filimbi iliitwa mwanzi, na mpiga filimbi akasemwa anapiga mwanzi. Mpaka leo tunao mwanzi wa pua, na sijasikia mtu akiuliza kama pua yake ilipandwa bustanini. Kwa msikilizaji wa enzi hizo, mwanzi uliopondeka haukuwa na tatizo. Tatizo limekuja baadaye, neno lilipobana na kubaki na mmea mmoja tu vichwani mwetu. Hata hivyo watafsiri wenyewe hawakushikilia neno moja. Katika Mathayo 11:7, kalamos ileile wameiita unyasi: "Unyasi ukitikiswa na upepo?" Hapo nadhani walipatia zaidi, maana mwanzi haupeperuki kirahisi hivyo.

Hiyo kalamos unayo nyumbani, pengine mfukoni. Waarabu waliichukua wakasema qalam, sisi tukapata kalamu. Kalamu ya asili ni tete lililokaushwa, ncha ikachongwa mshazari na kupasuliwa kidogo katikati ili wino ushuke. Tendi zetu za kale, zile zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu kule Lamu, Pate na Mombasa, ziliandikwa kwa kalamu za namna hiyo. Mshairi anapoagiza aletewe wino na kalamu, usimpe peni ya plastiki. Nai, ile filimbi ya taarabu ya Unguja, nayo ni tete, na kwa Kiajemi jina lake maana yake ni tete hasa.

Basi tete na mwanzi tuvitofautishe vipi leo? Tete (matete, ngeli ya li-ya) humea majini au penye unyevu, bua lake ni laini, na ukilikamua kwa kiganja linabonyea. Mwanzi (mianzi, ngeli ya u-i) una ganda gumu na mafundo yanayoonekana waziwazi. Kati ya fundo na fundo pana pingili, kama tunavyosema pingili ya muwa. Hauvunjiki ovyo, hupasuka kwa urefu. Ndiyo maana wasusi wa matenga na vikapu huupenda. Mrija nao ulikuwa kibua chenye uwazi cha kunyonyea pombe chunguni. Enzi za Ujamaa ukageuka silaha ya maneno dhidi ya wanyonyaji, watu wakahimizwa wakate mirija. Siku hizi ni wa plastiki na upo kwenye soda, lakini jina limebaki. Henzirani watu huichanganya na mwanzi pia, lakini ndani haina uwazi, na waliochapwa bakora ya henzirani shuleni wanaujua uzito wake.

Sasa Njombe. Wewe unajua kuliko mimi, ila wasomaji wa Tanga na Kisumu hawajaona. Msimu wa mvua chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, na kidonda kile hukatwa upya asubuhi na jioni ili utomvu usizibe. Utomvu unadondokea kwenye mbeta, na mbeta yenyewe ni pingili ya mwanzi, kwa hiyo mmea unatoa kinywaji na chombo chake pamoja. Ukinywewa siku hiyohiyo ni mtamu. Ukilala, unakolea.

Jina ulanzi ndilo lililonivutia katika swali lako, kwa sababu limehifadhi sauti ambayo Kiswahili kimeipoteza. Kiswahili kina tabia ya kuangusha l ambayo lugha ndugu zake wameitunza. Wengine husema njala, sisi tunasema njaa. Wengine husema mulume, sisi mume. Mwanzi nao ni wa ukoo huo. Linganisha na ulanzi wenu, na jina la Milanzi kule Sumbawanga, na mũrangi wa Wagikuyu wa Kenya, ambako l imekuwa r. Anayesema ulanzi ni lugha ya kilabuni tu hajui kwamba limetunza umbo kongwe kuliko la mwanzi.

Kuhusu China, hapo ni mwanzi kweli. Kabla karatasi haijaenea, Wachina walipasua mwanzi kuwa vijipande virefu vyembamba, wakaukausha motoni, wakaandika kwa brashi na wino kutoka juu kwenda chini, kisha wakavifunga kwa uzi na kuvikunja kama mkeka. Mwaka 1972, katika makaburi ya Yinqueshan, mkoa wa Shandong, vilifukuliwa vijipande vya aina hiyo vyenye maandishi ya Sun Tzu, bingwa wa mbinu za kivita wa China ya kale, juu ya vita. "Vitabu vya mianzi" si kosa, ila msomaji anaweza kudhani ni vitabu vinavyohusu kilimo cha mianzi. Mimi ningeandika "papi za mwanzi". Upapi ni neno la mafundi seremala kwa kipande chembamba kirefu cha mbao, na hapa linakaa vizuri. Vibanzi nisingetumia, maana kibanzi ni kile kidogo kinachoingia jichoni.

Tumalizie na daftari la mwanao. Kibotania mwanzi ni jamii ya nyasi, pamoja na mahindi, mpunga na muwa. Hakuna anayesema "mti wa mahindi umeanguka". Hata tukiiacha botania, "mti wa mianzi" una kasoro nyingine, kwa kuwa mmoja ulioanguka unaitwa kwa jina la wingi. Mwanzi umeanguka, mianzi imeanguka, basi. Iliyosongamana ni kichaka cha mianzi, ikienea sana ni msitu wa mianzi. Kwa wale wanaouza mtandaoni "mswaki wa bambuu", neno tunalo tayari, tena halina gharama: mswaki wa mwanzi. Mwalimu mwambie kwa upole, na umwonyeshe kamusi, si gazeti hili.