Usipeleke maji ya ndoo ndani ya ufa wa nanomita

Umeme ulikatika saa saba usiku, kama kawaida yake hapa kwetu Kamalondo. Kazi ya siku nne haikupotea: GROMACS, programu ya kuiga mwendo wa molekuli kwenye kompyuta, hujiwekea akiba ya pale ilipofika kila dakika 15, asubuhi unaongeza -cpi kwenye amri na kuendelea. Shida ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa na kosa tangu siku ya kwanza.

Nilitaka kujua ioni mbili za shaba (atomi zenye chaji) zinasukumana kwa nguvu gani ndani ya ufa wa jiwe uliojaa maji, wenye upana wa nanomita moja (sehemu ya bilioni ya mita). Uko Lubumbashi, utaacha kujiuliza habari za shaba? Maji ya kawaida kwa nyuzi 25 hupunguza nguvu kati ya chaji mbili karibu mara 78. Nikaichukua hiyo 78, nikapiga hesabu kwenye daftari, nikalinganisha na majibu ya kompyuta. Mbingu na ardhi! Nikalaumu mashini, nikalaumu umeme.

Mkubwa wangu mmoja aliyenitangulia katika kazi hii aliniuliza: "Mdogo wangu, hayo maji yako umeshayapima peke yake?"

Sikuwa nimeyapima. Kompyuta haijui maji, inajua modeli uliyoipa. TIP3P, modeli ya maji ya mwaka 1983, huipa oksijeni chaji ya −0.834 na kila haidrojeni +0.417, na chaji hizo hazibadiliki hata ioni ikija kukaa mlangoni. Molekuli halisi hubadilika: ikiwa peke yake hewani ina daipoli (kipimo cha jinsi chaji zake zilivyotengana) ya debye 1.85, ikizungukwa na wenzake inapanda. Modeli huliweka ongezeko hilo ndani tangu mwanzo, 2.35, halafu basi.

Kwa hiyo tengeneza kwanza sanduku la maji matupu. Langu la TIP3P lilinipa zaidi ya 90 badala ya 78. La SPC/E, modeli nyingine ya maji, 70 na kitu. Tena maji ya TIP3P yana haraka, husambaa zaidi ya mara mbili ya maji ya kweli. Na usisome jibu mapema. Nanosekunde ya kwanza ilinionyesha 61, nikaanza kuandika ripoti. Namba hii hutangatanga sana kabla ya kutulia. Nguvu za chaji usizikate kwenye nanomita 1 ili kuokoa muda. Weka PME, njia ya kuhesabu hata nguvu za chaji za mbali.

Sasa, ule ufa. Karibu na ukuta molekuli zimebanwa, haziwezi kugeuka zitakavyo. Mwaka 2018 watafiti wa Manchester walipima maji kwenye mifereji ya unene wa nanomita chache, wakapata karibu 2 badala ya 78 kwa uelekeo wa kutoka ukuta hadi ukuta. Mbili! Sambamba na ukuta ni hadithi nyingine, kwa hiyo namba moja haitoshi. Niliitupa 78, nikapima nguvu kati ya ioni moja kwa moja, umbali kwa umbali.

Shaba nayo niliiacha. Ina kichwa kigumu: kati ya maji sita yanayoizunguka, mawili husogea mbali, na modeli rahisi hazilioni hilo. Nimeanza upya na sodiamu. Na kila modeli mpya naipitisha kwanza kwenye sanduku la nanomita 3 kila upande, molekuli 900 hivi. Nikiliwasha jioni, saa saba ya usiku ikifika nimeshaona kama linafaa.