Skrubu za mbao zilizotiwa dawa: usiangalie kichwa tu

Ndugu, umeuliza kama skrubu za kawaida zinazong'aa zinatosha kufungia baraza ya mbao zilizotiwa dawa. Hazitoshi, na nakuomba usizitumie. Mimi nilizitumia kwenye ngazi ya nje. Mwaka wa sita kibao kimoja kikaanza kucheza. Niliweka bisibisi, nikazungusha kidogo tu, kichwa cha skrubu kikakatika. Kichwa chenyewe kilikuwa bado safi! Nilipobandua kibao nikakuta shina limeliwa hadi limekuwa kama njiti ya kiberiti, na mbao kulizunguka imeingia weusi.

Kinachokula ni shaba. Dawa nyingi za sasa zimejaa shaba, na mbao ikiwa na unyevu shaba hiyo inashambulia zinki kwanza, kisha chuma. Dawa ya zamani, CCA, nayo ilikuwa na shaba, ila kromiamu iliyokuwamo ilipunguza ukali wake. Kwa sababu ya sumu ya aseniki iliyokuwamo, Marekani waliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, zikashika nafasi dawa kama ACQ, zenye shaba zaidi na zisizo na kromiamu. Kwa hiyo fundi mzee akikwambia misumari yake ya kawaida imekaa miaka ishirini, anasema kweli, lakini mbao yake si sawa na yako.

Dukani usiulize kama skrubu ina zinki. Uliza zinki hiyo imewekwaje. Iliyopakwa kwa umeme ni laini, inang'aa, na ganda lake ni la mikroni chache tu. Iliyochovywa kwenye zinki ya moto ina rangi ya kijivu iliyofifia, ukiipapasa inakwaruza, na ganda lake ni nene mara kadhaa. Kwenye boksi tafuta A153, yaani kiwango cha Marekani cha vifaa vilivyochovywa kwenye zinki ya moto. Bolti za aina hii zinunue pamoja na nati zake, kwa sababu nati ya kawaida haipiti juu ya ganda hilo nene. Nimewahi kuona mtu akipiga tupa nyuzi za bolti ili nati iingie. Aliondoa kinga yote aliyoilipia.

Ukiweza, nunua stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi. Daraja la 304 linafaa sehemu nyingi, ila karibu na bahari au bwawa la kuogelea chukua daraja la 316. Toboa tundu kwanza, maana skrubu ya stenlesi ni laini kuliko chuma kigumu na hukatika ukiilazimisha.

Vile vyuma vya kushikilia boriti viwe vya metali moja na misumari yake. Ukipiga msumari wa kawaida wa chuma kwenye kishikizo cha stenlesi, msumari ndio utakaoliwa, tena haraka. Na alumini isiguse kabisa mbao yenye shaba.

Kwenye ncha ya mbao huwa kuna kibandiko chenye herufi za dawa. Nitajie za kwako kabla hujanunua chochote.