Mbona manyoya yananichomoka?

SWALI: Shikamoo ami. Mimi hurusha mshipi jioni Kilifi, karibu na daraja, nikitafuta kolekole. Jigi za dukani, yaani chambo bandia chenye kichwa cha madini ya risasi, zimenimaliza pesa. Juzi mawe yamenila tatu kwa jioni moja. Basi nikanunua vichwa vya risasi vyenye ndoana, vitupu, nikavifunga manyoya ya kuku mwenyewe. Nikirusha mara tatu nne, manyoya yanaanza kuzunguka, kisha yanachomoka yote pamoja kama kofia. Nakosea wapi? Na je, nianze kuyeyusha risasi mwenyewe?
Mvuvi wa jioni, Kilifi

JIBU: Marahaba mwanangu. Jigi yangu ya kwanza niliifunga nikiwa baharia kwenye boti za kuvulia wageni, Watamu. Nahodha aliivuta manyoya kwa vidole viwili, yakabaki mkononi mwake. Hakusema neno. Alinirudishia ndoana, akaenda zake.

Kosa lilikuwa hilo lako: nilifunga juu ya chuma kitupu. Chuma kinateleza, kikilowa ndiyo zaidi. Kabla ya unyoya wowote, ivike uzi ile shingo nyuma ya kichwa. Uzi wa poliesta wa fundi cherehani unatosha, ila uburute kwanza juu ya nta ya nyuki ili ushike. Laza ncha yake juu ya shingo, zungusha uzi juu ya hiyo ncha, nenda rudi mpaka chuma kisionekane. Usipige fundo, unajibana wenyewe.

Sasa manyoya. Chukua ya shingo ya jogoo, si ya bawa. La bawa lina uti mgumu, majini linakaa kama kijiti. La shingo ukivuta mshipi linajikunja, ukilegeza linachanua, na hapo ndipo kolekole hugonga. Manne yanatosha. Nakisia wewe umebandika konzi nzima kwa mpigo mmoja; yale ya katikati hayaguswi na uzi kabisa, ndiyo yanayoanza kuteleza. Funga mawili, mizungo sita ya kukaza hasa, kisha mawili ya upande wa pili. Ncha zipite kipindo cha ndoana kwa upana wa vidole viwili, zisizidi, maana samaki atakung'atia mkia tu.

Kumalizia ndiko kunakowashinda wengi. Kunja kipande kingine cha uzi kiwe kitanzi, ukilaze juu ya shingo. Zungusha uzi wako juu yake mara saba au nane, ukate ukibakisha kama inchi tatu, upenyeze hiyo ncha ndani ya kitanzi. Halafu vuta miguu ya kitanzi: kinatoka na ncha inapita chini ya mizungo yote. Kaza, kata. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi mara mbili (mimi huiba ya binti yangu), uache ilale hadi asubuhi.

Jiliwa, kile kibanio cha mezani, usinunue bado. Plaizi iliyofungwa raba kwenye mishikio inabana ndoana vizuri. Iweke katikati ya magoti, mikono yote miwili ibaki huru.

Kuyeyusha risasi, la. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 327, lakini moto si tatizo. Moshi na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa, na sufuria iliyoyeyushia risasi hairudi jikoni tena. Tena inachukia maji. Mimi niliimwaga kwenye kalibu ya mchanga uliokuwa na unyevu kidogo tu. Maji yakageuka mvuke, risasi ikaruka. Alama ninayo kifundoni mwa mkono wa kushoto. Endelea kununua vichwa.

Kuhusu mawe: huenda kichwa chako ni kizito mno. Siku za maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, jaribu gramu 14. Nzito ziweke kwa ajili ya bamvua, mkondo ukiwa mkali. Ikizama, hesabu, uanze kuvuta kabla haijagusa chini.

Manyoya yaoshe kwa sabuni, uyaanike kivulini. Na subiri kuku achinjwe. Mimi niliwahi kumchuma jogoo wa jirani, leo moja kesho mawili, mpaka shingo ikabaki nyekundu tupu. Ilibidi nimnunue.